Sajini Mezani Pangu

Wandegeya, Kampala
14 Januari 1973

Kwa Dada Anena,

Weka chini hiyo sufuria kwanza, Dada, usije ukajimwagia uji. Mdogo wako amekuwa mtu mkubwa. Bahati imenishika kola ya shati na haitaki kuniachia. Lile duka la kona hapa Wandegeya, la Mhindi aliyefukuzwa nchini pamoja na wenzake mwaka jana, nimegawiwa mimi. Ndiyo, mimi Ongom, niliyetimuliwa darasa la sita kwa kumwigiza mwalimu mkuu anavyotembea! Afisa mmoja alikuwa anapita na karatasi zake za kugawa mali, akanikuta nachoma nyama kando ya barabara, nikamtania, akacheka mpaka kofia ikadondoka. Akasema, "Huyu apewe." Basi, nikapewa. Sasa nina meza za marumaru, nina friji ndefu kama kabati la askofu, na wanajeshi wakiingia kula muchomo, ndiyo nyama choma ya huku, wananipigia saluti kwanza.

Sasa salamu. Hujambo? Shemeji Oloo bado anapuliza kipenga chake kwenye treni? Barua hii nimempa yule gadi mwenzake mwenye mwanya, isipite posta. Posta ya huku siku hizi, barua zina wasomaji wengi kuliko gazeti. Mama miguu yake vipi? Mwambie nakula vizuri, ninaanza kuota kitambi. Nakuandikia Kiswahili kama kawaida. Kiacholi chetu sisi watoto wa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kinatosha kuombea chumvi tu. Na wale ndugu zako waliookoka, wasalimie, waambie waniombee, dhambi bado zipo za kutosha.

Haya, jambo lenyewe. Krismasi uliniuliza kama nimesikia lolote juu ya kaka yetu Lakony. Nilinyamaza kwa kuwa sikujua. Sasa najua. Ndugu yetu hayuko Sudan wala hayuko Tanzania. Alikufa mwaka ule ule wa mapinduzi, sabini na moja, kambini, walipowachambua askari Waacholi na Walango kama mtu anavyochambua mchele.

Nimejuaje? Kuna sajini mmoja huja kula kwangu. Mnene, mcheshi, kicheko chake kinaambukiza. Ananipenda. Ijumaa alikuwa amelewa anawahadithia wenzake, nami nageuza mishikaki. Akasema, "Kulikuwa na Mwacholi mmoja wa bendi ya jeshi, mpiga tarumbeta. Nikamwambia, piga. Akapiga vizuri, kushinda alivyokuwa akipiga uwanjani. Alipomaliza, nikaishika ile tarumbeta nikamsukumia mdomoni mpaka meno yakaingia ndani. Halafu ndiyo tukaleta nyundo." Wenzake wakacheka. Akanigeukia: "Wewe Mkenya, mbona hucheki?" Kwa Kiswahili changu hiki cha Nakuru anadhani mimi Mluo wa kwenu huko.

Dada, nilicheka. Nikacheka na nikamwongezea kipande cha figo.

Bendi ile ilikuwa na mpiga tarumbeta Mwacholi mmoja tu. Jina lake unalijua.

Usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Ongom, mwenye duka


Nakuru
20 Februari 1973

Ongom mdogo wangu,

Salamu kwako. Sisi hatujambo. Jua limekausha mboga zote nyuma ya nyumba. Oloo yuko njiani kati ya hapa na Eldoret, simwoni ila akija kubadilisha shati. Mama miguu imevimba, viatu havimwingii tena. Sikumwambia. Lakini Jumapili alinikuta nafua shati la Lakony, lile la mistari, akaniuliza kwa nini nafua nguo isiyovaliwa na mtu. Nikasema lilikuwa na vumbi.

Wenzangu wa ushirika wa waliookoka nitawasalimia nikiwaona.

Barua yako niliisomea chooni ili Mama asinione uso. Sikulaumu kwa kucheka. Mtu mwenye bunduki akisema cheka, utacheka. Lakini figo, Ongom? Figo alikuomba?

Wewe ulipokuwa mdogo, wale watoto wa fundi mitambo walipokufunga kwenye reli kwa mchezo, nani alikuja kukufungua? Ni mimi? Nilikuwa nalia. Alikuja Lakony na nyundo ya kugongea mataruma, akamvunja mmoja wao mkono, kisha akakubeba mgongoni mpaka nyumbani. Hakusimama kufikiri.

Mtu huyo anakula mkononi mwako. Kisu unacho tangu asubuhi mpaka jioni. Siandiki zaidi. Wewe si mtoto.

Dada yako,
Anena


Wandegeya
2 Mei 1973

Dada Anena,

Nisamehe kuchelewa, watu wakubwa tuna shughuli. Duka linanenepa, mimi nanenepa, hata paka wa dukani siku hizi anachagua nyama. Mama mpe pole ya miguu. Mwambie nitamnunulia viatu vya Bata, vipana, kama vya mkuu wa polisi.

Habari nyingine ni kwamba nimeacha waragi, ile pombe kali ya huku. Usianze kucheka. Ni tumbo.

Sasa nikuambie ya Jumapili. Ilinyesha mvua ya mchana, ile inayofagia watu wote barabarani. Sajini akaja peke yake. Akala, akanywa, akajinyoosha kwenye benchi la nyuma, akalala. Kichwa kimeanguka nyuma, koo lote wazi, kifungo cha juu kimefunguka. Bastola ameiweka mezani, katikati ya chumvi na pilipili. Barabarani hakuna hata mbwa. Mvua inapiga kelele hata ng'ombe angelia usingemsikia.

Nilikuwa na kisu kile chembamba cha kuondolea mifupa. Nikasimama juu yake. Mahali nilishapachagua, pale panapopigapiga chini ya taya. Ng'ombe wangapi nimewachinja, Dada? Mkono unajua njia wenyewe. Mate yakanijaa mdomoni. Nakuambia hili wewe tu: mate yalinijaa kama mtu aliyesikia harufu ya chakula. Hapo ndipo nilipoogopa. Sikumwogopa yeye. Nilikuwa na njaa. Nilimtaka yule mtu kwa hamu ile ile ninayotaka pombe, hamu ile ile niliyomtaka nayo mke wa yule karani wa Tororo. Na hamu hizo nimekaa nazo nyumba moja miaka yote, tabia zao nazijua. Hakuna hata moja iliyowahi kula ikaniambia asante, nimeshiba.

Nikakitumbukiza kisu kwenye ndoo ya maji. Nikakaa chini, nikaikalia mikono yangu, yote miwili, kama Mama alivyokuwa akitukalisha kanisani tukimfinya mtoto wa mchungaji. Nikaimba kimoyomoyo zile nyimbo zenu. Maneno nilikuwa nayakosea, mahali pengine nikatia ya kwangu. Mikono ikafa ganzi. Alipoamka akaomba maji, nikampa maji, ila kikombe nilikishika kwa vidole kama vya mtu mwingine.

Utasema mimi mwoga. Sema.

Yupo mama mmoja hapa anaitwa Aloyo, anauza chai karibu na mabweni ya wanafunzi, naye ni wa hao waliookoka. Nilimwendea kwa ajili ya maandazi ya bure. Ameniambia maneno fulani ambayo sitakuandikia, maana nimeshaokoka mara nne mbele yako na kila mara kulikuwa na msichana kwenye kwaya. Huyu Aloyo ana umri wa Mama, kwa hiyo usinitie shaka.

Nijibu, hata kwa matusi.

Ongom


Nakuru
9 Juni 1973

Ongom,

Mama amekufa. Tulimzika Jumamosi. Watu wa landi zote walikuja, Oloo alipata ruhusa ya siku moja. Maji ya miguu yalipanda mpaka moyoni.

Siku ya mwisho aliuliza Lakony yuko wapi. Nikamwambia yuko Juba, anafundisha vijana tarumbeta, ameoa. Akauliza mke ni mtu wa wapi. Nikatunga na mke. Nimemdanganya mama yangu anakata roho kwa sababu mdogo wake Lakony alikuwa Kampala, ameikalia mikono yake.

Usiniandikie habari za nyimbo. Nilikuwa naziimba kabla hujajua kufunga kamba za viatu, na sasa siziimbi, na hilo halikuhusu. Niandikie siku utakapokuwa na habari ya kiume.

Anena


Nakuru
22 Septemba 1973

Ongom,

Sikuandikiwa rambirambi. Hata jiwe lingeandika. Nilijiambia nimekukasirisha, nikajiambia una mwanamke, nikamaliza sababu zote.

Mwezi wa nane Oloo alipangiwa treni ya kufika Kampala, nikamwambia akutafute. Aliporudi nikamuuliza, "Ongom mzima?" Akasema, "Mzima." Akaenda nje kunawa mikono, akanawa mpaka maji ya ndoo yakaisha. Nikamuuliza, "Duka likoje?" Akasema, "Zuri." Nimeolewa naye miaka kumi na moja, hajui kudanganya hata kuku. Chakula hakula. Ulimwapisha nini?

Lakini hayo si ya leo. Nakuandikia kukujulisha kwamba nakuja. Nitapanda treni ya Ijumaa tarehe kumi na mbili Oktoba. Nitakuwa dada yako kutoka Kenya, mpishi, nimekuja kukusaidia dukani. Jiko liko nyuma, wewe mwenyewe uliandika kwamba sajini alilala kwenye benchi la huko. Nitampikia supu. Nimepata dawa ya panya, ile nyeusi, haina harufu ikichanganywa na pilipili. Niliijaribu kwa mbwa wa jirani. Alijinyonganyonga uani tangu asubuhi mpaka saa nne, akauma udongo, akauma mguu wake mwenyewe. Nilisimama dirishani nikamtazama mpaka mwisho. Watoto nilikuwa nimewafungia ndani.

Ongom, nilifurahi. Nilitazama mbwa wa watu akifa nikafurahi, kisha nikakaanga vitunguu.

Wewe kalia mikono yako. Yangu iko tayari.

Anena


Kansanga, Kampala
1 Oktoba 1973

Dada yangu Anena,

Salamu nyingi sana, na pole ya Mama, pole ambayo ilinikaa kifuani miezi yote hii bila njia ya kutokea. Samehe mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, na huu haukusoma hata darasa la kwanza. Barua hii anayo gadi mwenye mwanya, ameapa kukufikishia kabla ya Ijumaa hiyo uliyoitaja. Isome yote. Usisome chooni, isome umekaa na Oloo. Na Oloo usimgombeze, aliponipata nilimwapisha kwa kaburi la Mama asikuambie aliyoyaona.

Mwezi wa saba niliokoka. Haya, cheka, mimi nasubiri.

Umemaliza? Niliokoka kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kila nilipomwona sajini, mate yananijaa, naenda kukalia mikono. Nikamweleza Aloyo. Akasema chuki ni lazima iletwe nuruni, mbele ya ndugu. Unazijua desturi hizo kuliko mimi. Nikasimama kwenye ushirika, chumbani kwake, watu wamekaa mpaka juu ya magunia, nikasema yote: Lakony, tarumbeta, kisu, siku ya mvua. Walilia. Mzee wao akanishika bega akasema, "Imetosha, mwanangu. Umeshalitoa. Sasa mwachie Mungu, nawe ufunge mdomo."

Lakini mimi unanijua. Wakinipa kijiko, naomba mwiko. Nilikuwa nimeona wenzangu wanavyofanya: mmoja alimwendea jirani yake akakiri kwamba alisogeza mpaka wa shamba, jirani akamkumbatia, wakala pamoja, ushuhuda ukasimuliwa mpaka Entebbe. Nikasema, mpaka wa shamba? Mimi nitawaonyesha wokovu! Nitaokoka kuliko wote. Desturi inasema uliyemchukia moyoni umwendee, umwambie kwa kinywa chako, umwombe radhi. Sikumuuliza mtu. Nikavaa shati safi, nikachagua nyama nzuri, mchana kweupe nikakaa mbele ya sajini na wenzake wawili.

Nikasema, "Afande, nimekuja kukuomba msamaha."

Akasema, "Umenitilia maji kwenye bia?"

Nikasema, "Nimekuchukia tangu Januari. Siku ile ya mvua ulipolala hapa, nilisimama juu yako na kisu. Yule mpiga tarumbeta alikuwa ndugu yangu, tumbo moja. Sasa nimekusamehe, nawe unisamehe."

Akaacha kutafuna. Akasema, "Kwa hiyo wewe si Mkenya?"

Hilo tu, Dada. Katika yote niliyosema, hilo ndilo lililomuuma. Nilikuwa nimemdanganya.

Akaushika mkono wangu wa kulia akauweka juu ya wavu wa kuchomea. Akaulalia kwa kiwiko, kama mtu anayezungumza na rafiki. Nilisikia harufu nikaijua, ni kazi yangu. Kisha akavigonga vidole kwa chupa, kimoja kimoja. Wale wawili walikuwa na vitako vya bunduki. Mguu wa kushoto ulivunjika kwa sauti ambayo watu wa upande wa pili wa barabara waliisikia, maana niliona wanafunga madirisha. Nilitaka kumwita Mungu, nikamwita Lakony. Walinitia kwenye buti ya gari. Nikapelekwa msituni, njia ya Jinja. Wakapiga risasi, moja ikapita mbavuni ikatoka, wakaona nimekwisha. Walinitupa juu ya wengine. Chini yangu kulikuwa na watu, Dada, na hakuna aliyelalamika uzito wangu. Nzi ndio waliokuwa hai.

Asubuhi akaja mtu na lori kukata kuni. Anaitwa Fadhul, Mnubi. Watu wa mjini husema Wanubi wote wanakula sahani moja na serikali. Huyu aliniona nikisogeza mguu mzima, akasema "Laa ilaha," akanibeba, akanilaza kwenye lori akanifunika kuni. Kwenye kizuizi askari wakamuuliza umebeba nini, akawajibu, "Mkwe wangu, hamumwoni alivyokauka?" Wakacheka, wakamwachia. Mimi chini ya kuni nikasema moyoni, huyu ananishinda utani.

Ndiye aliyenileta hapa kwake Kansanga. Mguu ulioza. Tabibu mmoja rafiki yake aliukata jikoni, kwa msumeno wa mbao, Fadhul amenikalia kifuani. Waragi waliniletea chupa nzima ya kuzimia nayo. Nilinusa, nikaomba kitambaa cha kuuma. Hapo sikuwa najisifu. Nilijua nikionja siku ile, sitarudi. Mke wake Maimunah anaswali, halafu anakuja kunifunga kidonda huku ananitukana: "Mkristo gani wewe, unamwendea chui umwombe radhi kwa kumchungulia?" Namwambia ni desturi zetu. Anasema, "Basi zina wazimu. Kula."

Sasa sikiliza. Sajini bado yupo, bado anakula Wandegeya, Fadhul humwona. Siku moja Fadhul alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu akasema polepole, "Ongom, mimi nina lori. Watu wanagongwa kila siku. Sema neno moja tu." Nikamwomba arudie. Nilitaka kulisikia tena, Dada, kwa utamu wake. Nikamwomba arudie mara ya pili, jambo lisilompasa mtu aliyeokoka. Kisha nikasema hapana. Kesho yake asubuhi niliamka nataka ndiyo. Nikasema hapana tena. Ndivyo ninavyoishi. Ile hapana ya jana huwa imeliwa yote kufikia asubuhi, inabidi nipike nyingine. Mikono ya kukalia imebaki mmoja, naukalia huo huo.

Usifikiri namhurumia. Aloyo huja kuniombea nami namwambia wazi, simpendi, simwonei huruma, sijafika huko. Najua tu kile kilichosimama juu yake siku ya mvua. Kilikuwa kinacheka kama yeye. Na wewe umesimama dirishani umetazama mbwa, kisha umekaanga vitunguu, na umeniandikia hilo kwa sababu limekutisha. Nakujua. Usingeniandikia kama lingekuwa tamu mpaka mwisho.

Mwaga hiyo dawa. Chimba shimo, kuku wasiifikie. Usipande treni. Ukimtilia mmoja supu watakufa wanne mezani, na kabla ya jioni barabara nzima itakuwa kwenye buti za magari, pamoja na mama anayeuza chai. Na wewe hawatakuua haraka. Mimi nimeshaona wanavyofanya, sitaki kukueleza yote. Nimebaki na ndugu mmoja. Mama alipozikwa sikuwepo, Lakony hana kaburi. Wewe nataka unizeeshe, unigombeze mpaka meno yaishe. Kama huwezi kuimba, usiimbe. Kaa tu juu ya mikono yako, leo. Kesho utaniandikia, nami nitakuandikia, tusukumane hivyo hivyo.

Na kama bado unafunga mzigo, jua kwamba hakuna jiko la nyuma la kuja kupikia. Duka sikupewa. Hakuna afisa, hakuna marumaru, hakuna friji, na hakuna mwanajeshi aliyewahi kunipigia saluti. Nilikuwa nachoma nyama kando ya barabara chini ya mabati mawili na benchi la kuazima. Nilikudanganya.

Ongom